Karudi mashineni: tumepata nini?

Ndugu yetu alipandikizwa figo ya mdogo wake; sasa imeshindwa kazi, naye karudi kwenye mashine ya kusafisha damu. Kwenye kikao cha ukoo kule Tukuyu, baba mkubwa alitamka yale ambayo wengine walikuwa wakinong'ona: "Mdogo mtu katoa figo, ng'ombe tumeuza, leo karudi mashineni. Tumepata nini?"

Simbezi. Aliyetoa alipasuliwa akiwa mzima wa afya, na sasa anaishi na figo moja. Tena wapo wanaoipoteza figo waliyopewa kwa kuruka dawa, zile za kuuzuia mwili usiikatae, ambazo humezwa kila siku kwa saa ileile mpaka mwisho.

Ila huyu hakuruka. Kinga ya mwili huweza kuitafuna figo ngeni polepole kwa miaka hata dawa zikimezwa, na baadhi ya dawa hizohizo (hapa ndipo watu huguna) huichosha figo zinayoilinda.

Sasa tupige hesabu. Mashine husafisha damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara. Ni saa 12 kati ya 168. Figo hufanya kazi zote 168, hata umelala. Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70. Kwenda na kurudi mara 3 ni kilomita 420 kwa wiki, karibu 22,000 kwa mwaka, na kurudi umelegea umeegemea dirisha la Kosta. Figo ya mdogo wake ilimpa miaka 6. Hizo ni safari 936 ambazo hakwenda. Alilima viazi, alisomesha, alikunywa maji mpaka kiu ikakata. Baba mkubwa anahesabu ng'ombe. Safari hizo nani anazihesabu?

Wapo pia wanaosema dawa zikatwe leo, zinamaliza hela. Daktari huzipunguza taratibu. Zikikatwa ghafla mwili unaweza kuivamia figo, homa na maumivu yakaja, na kumpata mtu mwingine wa kumtolea figo inayolingana naye siku nyingine kukawa kugumu zaidi. Hata mkojo kidogo uliobaki ni nafuu.

Mshipa wa mkono wake wa kushoto, uliotengenezwa kwa upasuaji enzi zile za mashine, bado unatetema ukiugusa, kama nyuki ndani ya kibuyu, na ndio wanaouchoma sindano. Shemeji sasa hukata viazi vidogovidogo, anaviloweka, anamwaga maji ili potasiamu, madini ambayo figo iliyoshindwa haiwezi kuyatoa mwilini, ipungue. Maparachichi ya uani hayaliwi tena nyumba ile. Baba mkubwa ndiye anayeyaokota.