Mama Kikoba Bado Yumo Humo Ndani

Leo asubuhi Mkurugenzi kaniita. Hakupiga simu, katuma mhudumu, na ukishaona umetumiwa mhudumu unajua kabisa huitwi kunywa chai. Nikafunga kifungo cha koti, nikaingia na adabu zangu zote. Akanisogezea barua niliyompelekea jana. Barua ya heshima, ina Kumb. Na., ina "Yah:" iliyopigiwa mstari, ina nafasi ya sahihi inayomtosha hata mtu mwenye majina manne.

"Soma," akasema. "Kwa sauti."

Nikasoma: "Tafadhali leta rejesho lako kabla sijakufuata nyumbani. Barua yako ya mwezi uliopita yahusika."

Ndugu zangu, mimi niliandika "Rej." Vidole hivi hivi. Rej, nukta, kama wanavyoandika watu wote walioajiriwa wakaelekezwa. Lakini kompyuta ninayotumia ni ya Mama Kikoba. Yeye kahamishiwa Dodoma, kaagwa kwa keki na kitenge, katoka machozi. Kiti kabakisha, meza kabakisha, na mwenyewe kabaki humo ndani ya mashine.

Mnaijua Word inavyojifanya kumsahihisha mtu. Ukikosea herufi, inakurekebishia kabla hujajikuna. Mama Kikoba, mweka hazina wa kikoba cha ofisi nzima, aliona hiyo nafasi si ya kuachia wazungu. Akaingia kwenye orodha akapanga vifupisho vyake. Ukiandika "rej" ukagusa nukta, inatoka hiyo ya kufuatwa nyumbani. Ukiandika "hs", inatoka "Hisa zako hazijatimia na kikao ni kesho." Ukiandika "fn", unapigwa faini ya kuchelewa, elfu mbili, hakuna rufaa. Nimeanza kuvifuta kimoja kimoja, lakini huyu mama ana akiba ya maneno kuliko akiba ya hela. Nakifuta hiki leo, kesho kingine kinajitokeza katikati ya muhtasari wa kikao cha bodi.

Kilichonishangaza ni kwamba Mkurugenzi hakufoka. Aliinuka, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani amekwambia nadaiwa kiasi gani?"

Hayo ya barua. Mausi nayo Mama Kikoba alikuwa ameigeuza vitufe, maana ni mtu wa mkono wa kushoto, kwa hiyo kila nikibofya kufungua faili nafunguliwa orodha ya mambo nisiyoyaomba. Skrini nzima ni mapacha wake siku ya kipaimara, wamevaa suti, wananitazama ninavyokula andazi. Kila ninachoandika, ukikagua jina la mwandishi, ni lake. Ripoti ya robo mwaka niliyoikeshea, kikao kizima kimempongeza yeye kwamba hata akiwa Dodoma bado anatusaidia. Nilikuwepo. Nikapiga makofi.

Na saa! Siku ya kwanza nimekaa, naona kwenye kona ya skrini imeandikwa saa mbili kamili, na kweli ni saa mbili asubuhi. Tunakwenda kula, inasema saa saba. Tunafunga, inasema saa kumi. Nikasema afadhali, angalau kimoja kimejua tulipo. Kumbe mama kahamisha majira ya mashine. Sisi Tanzania tuko saa tatu mbele ya Greenwich, yeye kaipeleka kompyuta saa tatu nyuma, kaikabidhi kwa Buenos Aires, Argentina, ili tarakimu zikae sawasawa na saa zetu. Akili hiyo angeitumia kwenye jambo lingine tungekuwa mbali. Sasa kila faili linaloandikwa saa nne asubuhi, mashine inaandika kwamba limehifadhiwa saa kumi alfajiri. Hapo ndipo nilipoelewa ile Mei Mosi. Afisa utumishi alisimama jukwaani akasema kuna mwenzetu mmoja anafanya kazi za ofisi usiku wa manane, sisi wengine tumelala. Mama Kikoba akaitwa mbele akapewa cheti na jokofu. Jokofu, jamani.

Basi, nikiwa na barua yangu mkononi, nikashuka TEHAMA.

Chumba cha TEHAMA ndicho pekee jengo zima ambacho kiyoyozi chake kinafanya kazi. Wanasema ni kwa ajili ya seva. Seva sijaiona. Nilimwona kijana kavaa koti zito, anakula muhogo wa kukaanga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nitolee Mama Kikoba kwenye kompyuta."

Kwa haki yake, anaijua kazi. Akanieleza kwamba kubadilisha jina la akaunti ni kupaka rangi tu, litabadilika pale mbele lakini folda ya ndani itaendelea kuitwa jina la mama. Dawa ni kunifungulia akaunti yangu mpya, kisha profaili ya zamani ifutwe nzima, na vifupisho, mapacha, na mausi ya kushoto vinaondoka nayo. Saa ni ya mashine yote, hiyo nitairudisha mwenyewe kutoka Argentina. "Dakika kumi tu, mzee," akasema. Nikavuta kiti.

"Tatizo," akasema.

Mnaona? Huwa hawaanzi nalo.

Tatizo ni kwamba ili ufungue akaunti mpya unatakiwa nenosiri la adimini, na nenosiri la adimini la mashine ile analo Mama Kikoba. Fundi aliyekuwepo kabla ya huyu kijana alichoka kuitwa kila siku kuweka programu ya printa, akamwandikia kwenye karatasi, kisha akaacha kazi. "Hata mimi mwenyewe nakaa kwenye kompyuta yake," kijana akasema, akanionyesha skrini. Imejaa picha za timu ambayo yeye haishabikii.

Nikamwambia apasue, avunje, afanye wanavyofanya vijana. Akafuta mikono, akaniwekea sura ya mwanasheria. Akasema kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na kipaimara cha watoto wa mtu ni taarifa binafsi, hivyo mama aridhie. Au nisubiri, maana mashine hizi ni Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo zitabadilishwa zote.

"Lini?"

"Zipo kwenye bajeti."

Nikamwambia ampigie mama. Akampigia, akaweka lauspika, maana kidole kimoja kilikuwa na chachandu. Sasa printa yenye wino ni ya hapo hapo TEHAMA. Katibu muhtasi wa Mkurugenzi alikuwa anachapa ajenda, mhasibu anangoja zamu, na yule mhudumu aliyetumwa kuniita asubuhi kasimama mlangoni na birika la chai.

"Mama Kikoba, shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, niliyekaa dawatini kwako."

"Wewe nani? Siku hizi matapeli wengi, baba. Juzi kanipigia mtu anajiita mwanangu, na wanangu wote wako mezani wanakula."

Nikamtajia jina. Akasema jina hata tapeli analipata. Nikamtajia cheo. Akacheka. Nikamwambia nahitaji pasiwedi ya adimini.

"Ehee! Ndivyo wanavyoanza." Kimya kidogo, nasikia sufuria nyuma yake. "Haya, kama kweli ni wewe, niambie Jumanne mchana ulitafuta nini mtandaoni."

"Sijakuelewa, mama."

"Humo kwenye intaneti hukutoa akaunti yangu. Kila unachotafuta huko, mimi huku naletewa kwenye simu. Nilikuwa sitaki kusema, nisikuharibie. Haya, Jumanne."

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Mhasibu kaacha kuhesabu karatasi zake.

"Nilitafuta mambo ya afya."

"Afya gani? Hata tapeli ana afya."

Nikainamia simu, nikasema kwa heshima, polepole.

"Sikusikii, mtandao wa huku unakatakata."

Nikarudia.

"Bado, baba. Inakatika katikati ya neno."

"BAWASIRI!"

Printa, ambayo tangu nimeingia ilikuwa inakereza kama mashine ya kusaga, ikachagua sekunde ile ile kunyamaza.

"Ehee, ndiye mwenyewe," akasema Mama Kikoba, sauti imejaa upendo. "Pole sana. Kaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, kunywa maji mengi, kula matunda na mboga. Na hicho kiti changu ni kigumu, mimi nilikuwa naweka mto. Upo kwenye droo ya chini, hukuuona?"

"Ahsante, mama. Sasa hiyo pasiwedi..."

"Na ile kazi ya Mwanza? Naona tangazo umelifungua mara nyingi. Mwisho wa kutuma si Ijumaa hii?"

Katibu muhtasi aligeuka na mwili wote, si shingo peke yake. Nilijaribu kukohoa. Mama Kikoba akaendelea kwamba mshahara wao si mkubwa lakini samaki watanifaa kwa ile hali yangu, na kwamba barua yangu ya maombi nilikopi mahali, na aya ya pili bado inasema "mimi ni mwanamke mchapakazi."

Mhudumu akaweka birika chini.

Nikasema, kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nioe, kwamba naomba pasiwedi. Akaniuliza naitaka ya nini. Kwa ujinga wangu nikamweleza ukweli, kwamba vifupisho vyake vimeniaibisha, nataka kuvifuta, na barua yake ya kudai rejesho imemfikia Mkurugenzi mezani.

Akapiga kigelegele. Kigelegele cha kweli, kwenye lauspika.

"Kumbe ni wewe! Mungu akubariki, baba. Kaniletea nusu ya deni saa tatu hii, nimeshangaa, mtu nimemdai mwaka mzima. Sasa unataka kufuta kitu kinachofanya kazi? Kiache. Tukivunja kikoba Desemba nitakupa hiyo pasiwedi, na soda juu. Na mhasibu mwambie namsikia anavyopumua hapo, ana miezi miwili hajanunua hisa."

Akakata. Mhasibu hakusubiri zamu yake.

Sasa niulizeni, nifanye nini? Miaka yote hii nimejijengea jina. Sijawahi kukopa kantini. Nikipita kwenye korido vijana wanaficha simu. Leo nimepita, wananisogezea mto. Mtu mzima nina nywele nyeupe, halafu afya yangu, ajira yangu na jinsia yangu vinajadiliwa Dodoma juu ya sufuria! Kijana wa TEHAMA naye, badala ya kunionea huruma, kaniuliza kama Mwanza wanatafuta mtu wa kompyuta. Kilichoniokoa ni kunionyesha namna ya kuitoa akaunti ya mama kwenye brauza. Hiyo haihitaji adimini wala kikao, ungetegemea mtu aanze nayo. Nimebofya tukatenganishwa, na papo hapo ikaja meseji: "Umeniondoa? Sawa."

Na hapa nyumbani ni yale yale. Bili ya maji inakuja kwa jina la mpangaji aliyehama, na kila mwezi nasimama dirishani kueleza kwamba huyo siye mimi lakini maji niliyaoga mimi. Ila hiyo nimeizoea. Inayonitoa roho ni namba ya simu. Laini nimeisajili kwa alama zangu za vidole na kitambulisho cha taifa, lakini kumbe namba ilikuwa ya mtu, ikalala, ikapewa mimi. Kila jioni kuna bwana ananipigia ananiita Shemeji. Nikimwambia mimi si Shemeji, anacheka, "Shemeji bwana, huachi utani." Wameniingiza kwenye kundi la kamati ya harusi. Nikajitoa, wakanirudisha. Kwenye orodha ya ahadi Shemeji yuko wa tatu kutoka juu, laki moja, na mbele yake wameandika BADO kwa herufi kubwa.

Mama watoto kaiona hiyo orodha. Kaniuliza shemeji wa nani. Nimemweleza habari yote ya laini kulala na kuamka, kanisikiliza vizuri, halafu kauliza tena shemeji wa nani. Nikalipa elfu hamsini mambo yaishe. Kumbe hamsini ni kadi ya mtu mmoja, ya dabo ndiyo laki, na yeye sasa hataki kubaki nyumbani, anataka aje awaone hao wakwe zangu kwa macho yake. Nikaongeza hamsini. Kamati wamepiga makofi kwenye kundi, mwenyekiti kasema Shemeji ni mtu wa mfano, halafu wakatangaza sare, kijani cha majani ya mgomba. Nimezunguka Kariakoo baada ya kazi, kitambaa hicho kimekwisha. Kimebaki cha rangi ya parachichi, na mwenye duka anaapa kwamba usiku hakuna atakayejua.