Somo la 10 Lilivyoingia Harusini

Kupakua nilikujua tangu nina miaka tisa. Unashika upawa, unazamisha hadi chini kule kwenye nyama, unajaza sinia, unapeleka kwa wageni. Kwa hiyo kijana wa saiba, pale tunapokodisha kompyuta na intaneti, aliponiambia, "Dada, wewe pakua tu, usiwe unasikiliza mtandaoni," nilimtazama nikadhani mtoto wa watu ana njaa.

Nianze mwanzo. Mimi ni muuguzi. Diploma ninayo, iko kabatini ndani ya bahasha ya kaki, na kazi nafanya ya vibarua katika kliniki ndogo huku Kisauni, Mombasa. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zikatia saini mkataba wa ajira kule Berlin, na tangu hapo mtaani kwetu hapakaliki. Ukimpa mtu sabalkheri anakurudishia "Guten Morgen". Fundi bomba anajifunza Kijerumani, muuza samaki anajifunza Kijerumani, mimi mwenye diploma nimekaa. Tena muuguzi ndiye mwenye mlima mrefu zaidi, maana kwa kawaida anatakiwa afike ngazi ya B2 ya Kijerumani ndipo apewe leseni kamili. Mimi hata A1, ile ya chini kabisa, sikuwa nimeifikia. Nilikuwa kwenye A-sifuri.

Darasa lina ada yake, na ada sina. Nikapata mtandaoni masomo 40 ya sauti, bure kabisa, yaliyotengenezwa kwa ajili ya wauguzi, kila somo robo saa. Mwalimu mwenyewe ni mwanamke mwenye sauti ya upole. Anasema sentensi, ananyamaza kidogo nawe urudie, kisha anaendelea. Kile kimya chake kikumbukeni, tutakirudia.

Shida ikawa bando. Nanunua la siku, saa sita ya usiku linakufa hata kama sijalimaliza, na mtandao wa kwetu unapatikana ukisimama juu ya dari kando ya tangi la maji. Mwalimu anaanza, "Guten Tag, wie hei..." duara linazunguka. Nangoja. Linazunguka. Wiki nzima niliishi nikiamini Wajerumani wanaamkiana kwa "wie hei" halafu wanatazamana.

Nikajiona mjanja. Alfajiri mtandao huwa mwepesi, basi nikaazima simu ya Shangazi, nikaziweka mbili uso kwa uso juu ya stuli: yangu inasema, yake inarekodi. Nikafanya hivyo siku nne. Nilipokuja kusikiliza, mwalimu yumo, lakini hayuko peke yake. Yumo jogoo wa jirani, yumo muuza mahamri, wamo watoto wanaogombania ndoo, na mle katikati Shangazi anauliza nani kamhamishia simu yake. Kwa muda mrefu sikuweza kusema "Auf Wiedersehen" bila kungoja jogoo awike.

Huyu Shangazi ndiye ninayeishi naye. Mtu wa maneno machache. Zamani alifanya kazi za ndani kwa wazungu kule Mtwapa, miaka saba, mpaka magoti yakamgomea akarudi mjini. Ukimuuliza habari za huko anakwambia, "Kazi ni kazi," basi, mlango umefungwa. Mimi nikirudia masomo yangu sebuleni, yeye yuko kwenye kiti chake na kikombe cha kahawa, anakohoa. Nikifika kwenye "ich", yaani "mimi", ndiyo anakohoa zaidi. Siku moja akasema, "Hilo neno unalitamka kama uliyekwama mwiba wa changu." Nikasema moyoni, watu wazima hawana mipaka, wataingilia hata wasiyoyajua.

Ndipo nikaenda saiba. Yule kijana aliponieleza kwamba kupakua ni kuichukua sauti ikae ndani ya simu, usikilize bila bando, nilikaribia kumbusu kichwa. Nikarudi nyumbani, nikaona kwenye programu ya masomo kuna mshale unaotazama chini. Nikaugusa. Ikaandika imehifadhiwa. Nikayahifadhi yote 40, usiku nikalala kama aliyelipwa.

Kesho yake niko ndani ya matatu, foleni imekamata daraja la Nyali, nikasema hapa ndipo pahali pake. Nafungua, programu inaniambia niunganishe intaneti kwanza ithibitishe akaunti yangu. Nimepakuliwa pilau, sinia limejaa, kisha mwenye harusi kalifungia kabatini na ufunguo kaondoka nao!

Kijana wa saiba akacheka mpaka akashika meza. Akanionyesha ukurasa mwingine wa masomo yale yale, ambao unakupa faili zenyewe za MP3, zikawa zako. Akaniambia pia nichague zile za kilobiti 64 kwa sekunde, si 128. Kwa 128 kila dakika moja hula takriban megabaiti moja, kwa hivyo masomo 40 ya robo saa ni kama megabaiti 600. Kwa 64 ni nusu yake, na sauti ya mtu anayezungumza haihitaji unene wa muziki. Kwa elimu ile nilimlipa shilingi zake na chapati mbili juu.

Basi nikaanza kusoma kwa bidii, kila somo siku mbili. Somo la kwanza maamkizi, jina, unatoka wapi. Rahisi. La pili yake likanipiga ngumi: vipimo, dawa, na maswali ya kumuuliza mgonjwa kitandani. Nikasema Wajerumani hawa hawana mchezo, jana tumejuana majina, leo tunaulizana habari za tumbo. Lakini nani kakwambia kwenda Ulaya ni kazi nyepesi? Nikakaza. Lililofuata likawa gumu zaidi, na jingine, na jingine. Siku ya 23, nimeshajua kumuuliza mgonjwa mambo ambayo hata daktari huyauliza kwa aibu, mwalimu akasema kwa furaha kwamba leo tutajifunza kuhesabu moja mpaka kumi.

Nikatazama jina la faili: somo la 2.

Mwaonaje? Simu ilikuwa inapanga faili kwa herufi. Kwake yeye, baada ya 1 huja 10, kisha 11, mpaka 19, ndipo ikumbuke kwamba duniani kuna 2. Ingeandikwa 01 na 02 yasingetokea haya. Mimi nilikuwa muuguzi wa Kijerumani ninayeweza kuuliza habari za choo cha mtu na siwezi kuhesabu vidole vyake.

Nikayaacha vile vile. Yalikuwa yameshaingia kichwani kwa mpangilio ule, kuyapanga upya nikaona ni kujichanganya zaidi. Nikayanakili kwenye flashi, kasoro lile la kwanza nililokwisha kulijua, ili niyasikilize kwa redio ninapofua. Flashi yenyewe ndiyo ile ile yenye taarabu zangu. Nikatengeneza folda mbili kama mtu mwenye akili: huku Taarabu, huku Kijerumani.

Ikaja harusi. Binti wa mama mdogo anaolewa, na usiku wa hina ni kwao, Majengo. Mama mdogo akanipigia: "Mwanangu, ile flashi yako ya taarabu usiisahau." Nikaichomeka mwenyewe kwenye spika moja kubwa ya kukodi, ile yenye magurudumu na taa zinazometameta. Taarabu ikaanza, nikaridhika, nikajifunga leso nikaenda ua wa nyuma kusimamia pilau.

Nilichokuwa sijui ni kwamba spika za namna ile hazijali folda. Zinakusanya kila MP3 iliyomo na kuicheza moja baada ya nyingine. Taarabu zangu zilikuwa tisa.

Niko mbele ya sufuria, upawa mkononi, mvuke usoni, nikasikia, "Lektion zehn. Hören Sie und sprechen Sie nach." Somo la kumi, sikiliza na urudie. Sikushtuka. Miezi mitatu sauti ile nimekuwa nikiisikia hata usingizini, nikadhani iko kichwani mwangu kama kawaida. Nikaendelea kupakua.

Nilichoshtukia ni kuitikiwa.

Wanawake wa Pwani ukiwaachia nafasi ya kuitikia, wataitikia. Ni malezi. Mwalimu kasema "Guten Morgen, Frau Müller," kanyamaza kile kimya chake, na ukumbi mzima, kina mama wasiopungua arobaini na madera yao, wakajibu kwa pamoja, "Guteni mogeni, Frau Mula!" Kigelegele kikapasua anga. Kumbe dakika ile ile mama wa bwana harusi na watu wake walikuwa wanaingia mlangoni, na kila mtu kadhani ni makaribisho maalumu yaliyotayarishwa kwa ajili yao. Mkwe mwenyewe kasimama pale kizingitini, mkono kifuani, anatabasamu.

Nikatupa upawa. Mimi ndiye niliyekuwa najua kinachofuata.

Kutoka ua wa nyuma mpaka sebuleni si mbali, lakini palikuwa na sinia kumi na mbili chini na watoto katikati yake. Nimefika mlangoni wakati mwalimu, kwa ule upole wake wote, anauliza: "Haben Sie heute schon Stuhlgang gehabt?"

Kimya.

"Habeni zi hoite shoni shtulgangi gehapti!"

Waliitikia vizuri, wallahi. Waliitikia kuliko mimi. Bibi mmoja akarusha na leso. Bi harusi katikati, mikono na miguu imejaa hina mbichi hawezi hata kujikuna, anaitikia naye. Nikaipigia mbizi spika. Kidude cha kuizimia kwa mbali hakuna ajuaye kiliko, vitufe vyote vinafanana, nikabonyeza kimoja. Ikaruka mbele. "Lektion elf. Wo tut es weh?" Wapi panauma? Wakaitikia.

Hatimaye nikang'oa waya ukutani. Ikaendelea. Kumbe ina betri. Nikaichomoa flashi yenyewe.

Katika utulivu ule mkwe akauliza, kwa adabu, kama mtu aliyetunzwa zawadi asiyoijua thamani yake: "Mashaallah. Na lile la pili, lile refu, ndilo la baraka? Maana yake nini?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema uongo, Mungu anisamehe, nilishauchagua: ningesema ni dua ya kuombea nyumba iwe na heri. Lakini kabla sijatoa sauti, pembeni kule kwenye kiti chenye mto, Shangazi akaweka kikombe chini.

"Anauliza," akasema taratibu, "leo umeshakwenda haja kubwa?"

Sambusa zilisimama njiani kuelekea midomoni. Mama mdogo akajifunika uso na mtandio. Mimi nilikuwa natafuta ufa kwenye sakafu.

Mkwe akafikiri kidogo. "Tangu juzi la," akasema. "Kwa pirika hizi za harusi, nani ana nafasi?"

Hapo nyumba ikaanguka. Watu walicheka mpaka wakalala mikekani, bi harusi akicheka na mikono yake hewani, mpakaji hina akimsihi, "Mama, utaniharibia maua!" Shangazi peke yake hakucheka. Alimwambia mkwe ale papai asubuhi kabla ya chai, na maji ya vuguvugu, kama daktari aliyeko zamu, na mkwe akawa anamsikiliza kwa makini.

Nilipopata pumzi nikamwendea, nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Shangazi. Wewe Kijerumani umekijulia wapi?"

"Mtwapa. Yule bibi niliyekuwa kwake alikuwa Mjerumani, tena hajiwezi, wa kitandani. Swali lile nikimuuliza kila asubuhi. Miaka saba."

"Miezi mitatu, Shangazi! Miezi mitatu nasimama juu ya dari kando ya tangi, natafuta mtandao! Bando! Saiba! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Nikikuona umeziba masikio na vile vidude vyako, nikisema mwache mtoto, ana shughuli zake. Na ile 'ich' yako niliitolea ishara, ukaninunia."

Sikuwa na la kujibu.

"Haya inuka," akasema. "Ukapakue pilau, wageni wa watu wana njaa."

"Abee, Shangazi."

Nimefika mlangoni akaniita tena, akaongeza kwamba nifanye upesi, kwa Kijerumani safi kisicho na jogoo hata mmoja ndani yake: "Aber schnell!"