Baba mdogo na ngome ya Old Moshi

Ukiwa na ndugu aliyefika Ulaya mara moja tu, we huna haja ya kwenda tena, utasimuliwa mpaka utajua choo kiko upande gani. Mi ninaye baba mdogo. Ni Mlutheri wa KKKT wa damu, mtu wa kwaya, anaishi Dar, na miaka hiyo kwaya yao ilialikwa Ujerumani wakapelekwa kuona ngome inaitwa Wartburg, iko juu kabisa ya mlima, mji wa Eisenach uko chini yake. Ndo kule Martin Luther alifichwa 1521 baada ya kukosana na Papa na Kaisari, akafuga ndevu, akajiita Junker Jörg ili wasimjue, akajifungia kwenye kachumba akawa anatafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani. Hii habari tumeisikia kwenye kipaimara, kwenye send-off, na kwenye msiba wa babu kabla jeneza halijafika kaburini. Kuna na ile ya doa la wino, kwamba Luther alimrushia shetani kichupa cha wino kikapasukia ukutani, basi watalii miaka na miaka wakawa wanakwangua lile doa wanaondoka nalo mpaka likaisha. Baba mdogo akifika hapo lazima asikitike, "Nimesafiri kote huko nakuta ukuta mtupu, binadamu ni wezi aisee." Halafu anamalizia na punda, maana kuna punda wa kukodi wanapandisha watoto kwenda ngomeni, aliuliza bei kwa ajili ya kujua tu, akaguna, akatembea. Mkumbuke hapo kwenye bei.

Sasa Desemba si mnaijua. Moshi inajaa magari ya Dar, watu waliozaliwa Kibosho wanauliza ndizi mshare inapikwaje, na sisi tunaoishi huku mwaka mzima tunageuka kuwa dereva, mchinjaji, mbeba mizigo na mpiga picha bila kulipwa. Baba mdogo kashuka na gari lake la Noah, kaja na mama mdogo na watoto wawili, Junior na Glory, tarehe 27 asubuhi kanipigia, "Kijana, vaa vizuri, leo tunaenda Old Moshi kuona ngome ya Mjerumani. Hawa watoto wanajua katuni tu, historia ya kwao hawaijui." Nikavaa raba zangu nyeupe za Krismasi, nilizipata soko la Memorial baada ya kubishana na muuzaji mpaka akaniita mtani.

Tukapita Kiboriloni, tukaanza kupanda. Njiani ni Wartburg tu. Hata pale unapogeuka ukaona tambarare yote iko chini na mji umekuwa mdogo, yeye anasema "hapa pamefanana fanana na kule ila kule kuna mawe".

Tukafika kwenye mti wa Mangi Meli, mangi ndo chifu wa Kichaga. Hapo niseme ukweli pakatulia, hata Junior aliacha simu. Kulikuwa na kijana anaongoza wageni, mpole, anajua vitu vyake, akaanza kutuelezea kabla hata ya kuzungumza hela. Kwamba Rindi, ambaye wazungu walimwita Mandara, alikufa 1891, mwanae Meli akashika nchi akiwa bado kijana, na 1892 Wajerumani walipokuja kumpiga wakapigwa wao, kamanda wao von Bülow akafia vitani. Mwaka uliofuata wakaja na jeshi kubwa zaidi chini ya von Schele, ndo wakashinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga Meli pamoja na viongozi wengine, na ukoo wake unasema kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, wanakitafuta mpaka leo. Glory, ana miaka tisa, akauliza "sasa kwa nini hawakirudishi?" Hakuna aliyemjibu.

Baba mdogo akakohoa. "Sawa sawa. Sasa ngome iko wapi?"

Yule kijana akamwambia mzee, Mjerumani boma lake aliliweka huku juu kweli, na ofisi zilikuwa huku mpaka reli ya kutoka Tanga ilipofika kule chini mwaka 1911 hivi ndo mji ukahamia ulipo sasa, mkitaka nawazungusha nawaonyesha panapoonekana. Ila kama mnachotaka ni ngome za mawe hasa, za mamangi wenyewe, hizo zilikuwa Keni kule Rombo kwa Mangi Horombo, yule ambaye kituo cha kupandia mlima kimeitwa jina lake, na Kibosho kwa Mangi Sina, ambaye Mjerumani Wissmann alikuja kumvunjia ngome yake 1891. Akataja na hela yake. Haikuwa hela ya kutisha, nusu ya kilo ya kitimoto ya Desemba.

"Nilipe nisikie habari za kwetu?" Baba mdogo akaguna ile ile ya punda.

Mama mdogo, "Baba Junior, mlipe huyu kijana."

"Mimi nimeingia Wartburg, mama. Ngome naijua kwa kuiangalia."

Tukapanda gari. Tukaacha barabara ya maana, tukaingia kinjia katikati ya migomba, majani yanapiga vioo, kulia mfereji unapita maji, na baba mdogo kashusha kioo ananyoosha shingo kama twiga wa Tarangire. Ghafla akakanyaga breki. "Ile pale."

Na kweli kulikuwa na ukuta. Sitaki kumuonea, ulikuwa ukuta wa heshima. Wa mawe, kimo cha mtu, umeota ukijani, chini una matundu matundu yamepangwa kwa mstari, na juu yote imefunikwa na mpesheni na majani ya maboga huoni ndani kuna nini. Umekaa kwenye ukingo, chini yake korongo. Mtu akikuonyesha picha bila kukwambia ni wapi, unaweza kuamini.

Nikapewa simu nirekodi, kila kipande kikiisha natuma kwenye grupu la ukoo. Baba mdogo akasimama mbele ya ukuta, akashika tumbo, akaanza. "Wapendwa, hapa ndipo. Angalieni mpango wa mawe, huu si ufundi wa mtu mweusi" (mama mdogo akamkata jicho) "ni ufundi wa Kijerumani. Na haya matundu hapa chini ni ya kutolea bunduki. Askari analala kifudifudi, anaweka bunduki hivi." Akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko. Akatulia kidogo. "Mnaona, mawe ya zamani yanatunza unyevunyevu. Ndani kuna baridi kabisa, na kama kuna kaupepo."

Glory akaziba pua. "Baba, panatoa harufu."

"Popo hao. Ngome zote zina popo."

Ukuta ukaguna. Mi nilisikia, Junior alisikia, tukaangaliana. Baba mdogo hakusikia maana alikuwa ameshafika kwenye doa la wino.

Halafu akanigeukia. "Kijana, mpe Junior simu. Panda juu, simama pale kwenye kona, kaa kilinzi, tupate picha moja ya kueleweka." Nikamwambia baba mdogo, sijui hapo juu pakoje. Akasema mawe yamekaa miaka mia moja na zaidi yatashindwa kukubeba wewe usiye na hata mke? Sasa hapo unamjibuje mtu mzima. Nikapanda. Pale kwenye mawe nilikuwa niko sawa kabisa, Junior kapiga picha, nimetoka vizuri, kidevu juu, mkono kiunoni. "Rudi nyuma kidogo, jua!" Nikarudi nyuma hatua moja, kwenye majani ya maboga.

Chini ya yale majani kulikuwa na bati. Lilikuwa limeoza siku nyingi linangoja mtu.

Sikumbuki kudondoka, nakumbuka kufika. Nilifikia makalio, kwenye kitu laini na cha uvuguvugu ambacho sitakieleza, na nilipofungua macho nikakuta nguruwe jike mweupe, mkubwa, kalala ubavu anatazama. Tukatazamana. Nadhani na yeye alikuwa anajiuliza aanzie wapi. Wanae walikuwa wananyonya, sijui sita sijui saba, wakaachia kwa pamoja wakaanza kupiga kelele ambazo mpaka leo nikisikia breki za bodaboda nashtuka, mama yao akasimama, na mi nikasimama, nikaona kimlango cha mabanzi nikakipiga bega. Kikatoka na bawaba zake. Nikatoka mimi, nyuma yangu vitoto vyote, na mama mtu akafuata, ila yeye alitoka taratibu, kama mtu anayeenda kuuliza tatizo ni nini.

Nje ikawa vurugu. Viwili vikaingia kwenye kahawa, kimoja chini ya Noah, mama mdogo akapanda kwenye kiti na viatu vyake, Junior anarekodi huku anacheka simu inatikisika, Glory peke yake ndo alikuwa anakamata kweli, alikuja na kimoja kakikumbatia anakiita baby. Baba mdogo kasimama pale pale, mkono wake ule wa bunduki kaunyoosha mbali na shati. Alikuwa anaanza kuelewa ni nani alikuwa anampulizia mle ndani.

Bibi akatokea kwenye migomba, kafunga kanga kiunoni, mundu mkononi.

"Nani anavunja banda langu?"

"Shimbonyi mae," baba mdogo akasema, sauti nyembamba. "Shikamoo mama. Sisi ni watalii."

Bibi akamwangalia, akaiangalia Noah, akaniangalia mimi. Mimi akaniangalia sana. "Watalii wa nguruwe?"

Sasa mtu mwingine angeomba msamaha akanyamaza. Baba mdogo akasema, "Mama, unajua kwamba unafugia nguruwe kwenye ngome ya Mjerumani?"

"Mjerumani gani? Ukuta kajenga marehemu mume wangu, mwaka ule Nyerere aliong'atuka. Mawe nimebeba mimi kwa kichwa kutoka mtoni, nina mimba."

"1985?"

"Mi sijui, nilikuwa nina mimba."

"Na haya matundu, mama?"

"Ya kutolea mkojo."

Mama mdogo ndani ya gari alitoa sauti fulani, akajifanya anapiga chafya.

Baba mdogo akaona amalize mambo kimila. Kwetu ukimkosea mtu unamwendea na jani la isale, ukishalileta hilo mtu hata awe na hasira vipi inabidi akusikilize. Wazo zuri. Akazunguka macho, akaona masale yamejipanga vizuri pembeni ya kinjia, akaenda akavuta moja. Sijui ni ile haraka au ni udongo wa mvua, halikutoka jani, ulitoka mche mzima na mizizi yake. Akamletea bibi kwa mikono miwili, kainamisha kichwa, udongo unadondoka kwenye viatu.

Bibi alinyamaza muda mrefu. "Baba," akasema polepole, "umeng'oa mpaka wangu na jirani."

Maana masale ndo mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani. Na huyo jirani, tulikuja kuelewa, walikuwa wana kesi na bibi ya mpaka huo huo. Dakika tano haijaisha na yeye kashafika, mzee wa kofia ya pama, anasema yeye ni shahidi, amemwona mtu wa Dar anasogeza mpaka, kaletwa na nani? Ikabidi baba mdogo apige magoti tena, arudishe mche kwenye shimo lake, huku wazee wawili wamesimama juu yake wanabishana "sogeza huku", "hapana, huku". Nadhani walisahau kama sisi tupo.

Mi nikapelekwa mfereji. Maji ya ule mfereji yanatoka mlimani moja kwa moja na yana baridi ya kulia, bibi akanimwagia kwa ndoo mwenyewe, bila haraka, anauliza we ni mtoto wa nani. Nikamtajia ukoo. Akasimamisha ndoo hewani. "Wa yule mzee aliyekuwa fundi cherehani?" Nikasema ndiyo, babu yangu. "Alichukua kitambaa changu cha harusi akashona suruali mbili," akasema, akanimwagia iliyobaki usoni.

Hesabu ilifanywa kwenye kigoda. Bati tatu, misumari, kimlango, na kitoto kimoja cha nguruwe ambacho bibi alisema kimeshtuka hakitanenepa. Kitambaa cha harusi hakikutajwa ila nina uhakika kilikuwemo. Elfu themanini. Baba mdogo akaguna, mama mdogo akafungua mlango wa gari, akashuka, akachukua pochi ya mumewe mfukoni mwa mumewe, akahesabu, akalipa. Tukapewa mbege kikombe kimoja kimoja, tukapewa na mkungu wa ndizi, maana bibi hakuwa mtu mbaya. Mi nikakaa nyuma kabisa na ule mkungu, juu ya majani ya mgomba waliyonitandikia, vioo vyote chini. Raba zilibaki kule.

Tulivyofika Kiboriloni mtandao ukarudi vizuri, simu zikaanza kulia. Kumbe baba mdogo njia nzima alikuwa anaandika. Kwenye grupu la ukoo kaweka ile picha yangu juu ya ukuta, kabla ya kurudi nyuma, na maneno: "Ngome ya Old Moshi. Mlinzi akiwa lindoni. Kiingilio elfu 80 kwa familia, ni hela lakini historia haina bei. Mjitahidi kufika."

Watu wakaanza kupongeza, makofi, moto, "hongera mzee wa historia". Halafu ikaingia voice note ya shangazi, aliyeolewa Kidia, huko huko Old Moshi. Mama mdogo akaibonyeza kwa sauti kubwa makusudi.

"Jamani kaka, hapo si kwa mama nanihii? Hata mi nguruwe wangu nilinunuaga hapo hapo. Hebu niulizieni, yule jike mweupe ameshazaa?"