Roho 27: kwa nini namweka Williams mbele ya DiMaggio

Ubishi wa nani alikuwa bora kati ya wapigaji wawili wa besiboli ya Marekani, Ted Williams wa Boston Red Sox na Joe DiMaggio wa New York Yankees, una zaidi ya miaka 80 sasa, na karibu kila mara huanzia pabaya. Shabiki wa Yankees anataja ubingwa mara 9. Wa Red Sox anajibu kwa 0.406, wastani wa kupiga wa Williams mwaka 1941. Baada ya hapo zinabaki kelele, kwa sababu hakuna aliyekubaliana na mwenzake kitu gani hasa kinapimwa.

Mimi naanza na roho: kila mpigaji anapotolewa, timu yake imepoteza roho moja. Timu ya besiboli hupiga kwa awamu 9, na katika kila awamu wapigaji watatu wakishatolewa, zamu imekwisha. Tisa mara tatu, 27. Mchezo huu hauna saa wala dakika za nyongeza. Ukibakiwa na roho moja tu, bado unaweza kufunga mikimbio (alama) kumi. Zikiisha, umekwisha hata kama una vigogo watupu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mpigaji yeyote ni hili: ameunguza roho ngapi?

Wastani wa kupiga, ile namba inayopendwa vijiweni, haujibu swali hilo. Wenyewe unagawa mipigo safi (ile inayomfikisha mpigaji salama besini, kwenye kituo cha kukimbilia) kwa nafasi za kupiga, lakini unajifanya haujaona besi ya bure. Mrushaji akikosa eneo la kupigia mara nne na mpigaji akajizuia asiyumbishe gongo, mpigaji anatembea zake hadi besi ya kwanza. Roho haijatoka, na mtu yuko besini. Katika maisha yake yote ya uchezaji DiMaggio alipata besi za bure 790. Williams alipata 2,021. Ukizihesabu pamoja na mipigo, Williams alifika besini mara 482 katika kila nafasi 1,000, kiwango ambacho hakuna mwingine aliyekifikia katika historia ya ligi kuu. DiMaggio alifika mara 398.

Hesabu yenyewe ni fupi. Tofauti ni 84 katika 1,000. Mchezaji wa kudumu hupata nafasi kama 600 kwa msimu, kwa hiyo ni roho 50 hivi ambazo Williams aliziokoa na DiMaggio angeziunguza. Gawa kwa 27: ni karibu mechi mbili nzima za kupiga, bure, kila mwaka. Kumfikisha mtu besini badala ya kumpoteza kuna thamani ya zaidi ya nusu mkimbio kwa wastani, kwa hiyo hapo tayari tuna mikimbio kati ya 25 na 30 kwa msimu, na bado hatujagusa nguvu ya gongo lake.

Sasa wa DiMaggio wataleta mechi 56, na wana haki. Kuanzia Mei 15 hadi Julai 16, 1941, hakuna mechi aliyotoka bila mpigo safi. Mpigaji wa 0.350 mwenye nafasi nne kwa mechi ana uwezekano wa asilimia 82 hivi kupata angalau mpigo mmoja. Zidisha 0.82 kwa yenyewe mara 56 uone kinachobaki: kama mara moja katika majaribio 60,000. Ni ajabu ya kweli, na sitaki kuipunguza hata kidogo.

Ila tazama ndani yake. Katika mechi hizo 56, alipata mpigo mmoja tu katika mechi 34. Katika 13 alipata miwili, katika 5 mitatu na katika 4 minne. Jumla mipigo 91 katika nafasi 223, yaani 0.408. Katika siku hizo hizo Williams alikuwa anapiga 0.412. Mfululizo wa mipigo unapima mtawanyiko: mpigo mmoja katika nafasi tano una uzito sawa na minne katika minne. Tena unamwadhibu mwenye subira, kwa kuwa kila besi ya bure inampunguzia nafasi ya kupiga. Mwaka 1949 Williams alifika besini katika mechi 84 mfululizo, na rekodi hiyo bado ni yake. Wangapi wanaoijua ile ya 56 wamewahi kuisikia hii?

Kosa la pili kubwa ni kusahau viwanja. Yankee Stadium ya wakati ule ilikuwa kaburi la wapigaji wa mkono wa kulia: ukuta wa kushoto-kati ulikuwa mita 139 kutoka kwenye besi ya nyumbani, na huko ndiko DiMaggio alikoelekeza mipira yake mikali. Mingi ilidakwa na watu waliosimama mahali ambapo, katika viwanja vingine, mashabiki wamekaa. Namba zinaonyesha jeraha hilo waziwazi. Nyumbani alipiga 0.315 na homurani (mipigo inayovuka uzio) 148, ugenini 0.333 na homurani 213. Williams kinyume chake: Fenway, uwanja wa Red Sox, 0.361, ugenini 0.328. Mwaka 1940 Red Sox walijenga eneo la warushaji wa akiba mbele ya uzio wa kulia, uzio ukasogea karibu kwa mita 7 hivi, na kila mtu alijua ni mpigaji gani wa mkono wa kushoto aliyekusudiwa.

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wa DiMaggio, nzito kuliko vikombe. Ugenini, kwa wastani wa kupiga, yeye yuko juu. Lakini besi za bure hazitegemei ukuta uko wapi, na hata ugenini Williams alifika besini mara nyingi zaidi. Halafu katika homurani zake 521, alizipiga 273 nje ya Fenway. Kipimo kinachosawazisha viwanja na zama, ambapo 100 ni mpigaji wa kawaida, kinampa DiMaggio 155 na Williams karibu 190. Pengo hilo si la kuzibwa kwa futi za uzio.

Uwanjani bila gongo, mambo yanageuka. DiMaggio alicheza katikati, mahali pagumu kuliko kote nyuma ya besi, na alifika kwenye mipira bila kuonekana anahangaika. Williams alikuwa kushoto, na akili yake mara nyingi ilikuwa kwenye zamu yake ijayo ya kupiga. Wataalamu wa takwimu huitathmini tofauti ya nafasi hizo mbili kuwa mikimbio kama 10 kwa msimu mzima. Ongeza umahiri wa DiMaggio mwenyewe, ongeza tena kidogo kwa mbio zake besini. Bado hufiki kwenye ile 25 hadi 30, achilia mbali nguvu.

Kuna doa moja la Williams ambalo wapenzi wake hulifunika. Mwaka 1946 Lou Boudreau, meneja wa timu ya Cleveland, aliwahamishia walinzi wake karibu wote upande wa kulia. Kushoto kukabaki peupe. Williams, kwa ukaidi, akaendelea kuvuta mipira kulekule kulia, akapoteza mipigo ambayo mtu mnyenyekevu angeiokota kwa kugusa tu mpira kuelekea kushoto. Mwaka huohuo, katika fainali yake pekee, alipata mipigo 5 katika nafasi 25, na Red Sox wakalala katika mechi ya saba.

Na vikombe? DiMaggio alikuwa na wachezaji wenzake wakali: Gehrig, Dickey, Ruffing na Gomez. Mwaka 1943, yeye yuko jeshini, Yankees walichukua ubingwa vilevile. Wastani wake katika fainali zote ni 0.271. Vita navyo viwekwe sawa: wote wawili walipoteza misimu ya 1943 hadi 1945, lakini Williams alirudishwa kurusha ndege za kivita Korea, akapoteza karibu yote ya 1952 na sehemu kubwa ya 1953. Sipendi kumwongezea homurani za kubuni. Ninachotaka ni kwamba anayelinganisha jumla zao akumbuke mashimo yalipo.

Kura ya 1941 ya mchezaji bora wa Ligi ya Amerika, DiMaggio 291 na Williams 254, naweza kuimeza. Yankees waliongoza kwa mechi 17, na ile 56 ilikuwa imeteka nchi. Ya 1947 hainipiti kooni. Williams aliongoza ligi kwa wastani (0.343), homurani (32) na mikimbio aliyoileta nyumbani (114), mataji yote matatu kwa mkupuo. DiMaggio alikuwa na 0.315, homurani 20 na mikimbio 97. Waandishi wakahesabu kura zao: DiMaggio 202, Williams 201.