Soko la redio la Detroit halikupungua, lilipitwa

Kila Nielsen, kampuni inayopima wasikilizaji wa redio, inapotoa orodha mpya ya masoko ya redio ya Marekani, miji ya viwanda vilivyozimika husomewa hukumu ile ile. Detroit imeshuka. Cleveland nayo, Pittsburgh nayo, na Buffalo haimo hata kwenye 50 za kwanza. Hitimisho huja lenyewe: uchumi umeoza na redio imeoza nao. Hukumu hiyo ina ukweli ndani yake, na nitaufikia. Lakini inaegemea kipimo ambacho wengi wanaokitaja hawajakiangalia kwa karibu.

Orodha hiyo, ambayo kabla ya 2013 ilitolewa na kampuni ya Arbitron, hupangwa kwa jambo moja tu: idadi ya wakazi wenye umri wa miaka 12 na zaidi katika kaunti zinazohesabiwa kuwa soko moja. Haiulizi ni wangapi kati yao wanaosikiliza redio, kwa saa ngapi, wala vituo vinaingiza dola ngapi. Mji ambao hakuna mtu anayegusa redio ungeweza kushika nafasi ya kumi, mradi una watu. Tena ni cheo, na cheo hakisemi lolote juu yako peke yako. Ukisimama pale pale wakati wenzako wanakwenda, utaandikwa kuwa umerudi nyuma.

Detroit ndiyo mfano ninaourudia kila mara mjadala huu unapozuka. Mji wenyewe, ndani ya mipaka yake, ulikuwa na watu 1,849,568 mwaka 1950. Sensa ya 2020 iliwakuta 639,111. Hizo ndizo takwimu ambazo kila mtu anazo kichwani, pamoja na picha za majengo yaliyoachwa. Ila mawimbi ya redio hayasimami kwenye mpaka wa manispaa, na soko la redio nalo halisimami hapo. Chukua kaunti sita zinazounda eneo la Detroit kwa hesabu za serikali ya Marekani, ambazo hazitofautiani sana na ramani ya watu wa redio. Mwaka 1970 zilikuwa na watu karibu milioni 4.5. Mwaka 2020 zilikuwa na milioni 4.4. Nusu karne imepita, viwanda vya magari vimefungwa kimoja baada ya kingine, manispaa imefilisika mwaka 2013, na bado idadi ya watu walio ndani ya eneo hilo imepungua kwa asilimia mbili au tatu tu. Waliohama mjini hawakwenda mbali: wengi walivuka barabara ya Eight Mile, iliyo mpaka wa mji, wakaingia vitongojini, na redio ya gari ikaendelea kunguruma kwenye masafa yale yale.

Katika miaka hiyo hiyo eneo la Detroit lilitoka nafasi ya tano kwa ukubwa nchini hadi ya 14. Kilichotokea ni kwamba Phoenix ya Arizona, iliyokuwa na watu milioni moja hivi mwaka 1970, ilifika milioni 4.8 mwaka 2020. Atlanta ikavuka milioni 6, Houston na Dallas zikavuka 7. Anayesema soko la redio la Detroit limekufa kwa kuwa limeshuka ngazi tisa anaeleza, bila kujua, habari za jangwa la Arizona.

Buffalo inachekesha zaidi, kama kuna cha kuchekesha hapa. Sensa ya 2020 ilikuta mji huo umeongezeka watu kwa mara ya kwanza tangu 1950: kutoka 261,310 hadi 278,349, na sehemu kubwa ya nyongeza hiyo ni wahamiaji na wakimbizi waliopewa makao huko. Eneo zima liliongeza watu kama 31,000 katika miaka kumi. Austin, katika miaka kumi hiyo hiyo, iliongeza zaidi ya 560,000. Kwa hiyo hata mji unaopata nafuu unaweza kuendelea kuteremka, na anayesoma orodha tu ataandika kwamba mgonjwa amezidiwa.

Kuna na mchezo wa ramani. Nassau na Suffolk, kaunti mbili za Long Island, zimo ndani ya soko la New York na bado zina nafasi yao pekee kwenye orodha. San Jose imo ndani ya San Francisco na ina nafasi yake pia. Watu wale wale wanahesabiwa mara mbili, na kila nafasi ya namna hiyo inawasukuma chini waliokuwa wakifuata, hata kama hakuna aliyefunga virago wala kiwanda kilichofungwa.

Sasa niwape wanaosema redio imeoza haki yao, maana wapo wanaofikiri kwa kina, na hoja yao bora haihusu cheo hata kidogo. Inahusu leseni. Watu huhama; leseni ya kituo hufungamanishwa na mji iliotolewa. Masafa ya Cleveland yaligawanywa wakati mji huo ulitarajia kukua, na vituo vimebaki pale vikigawana mkate ambao haukukua. Phoenix ilipata watu kwa mamilioni bila minara kuongezeka kwa kasi hiyo, hivyo kila mnara ukapata watu wengi zaidi. Hiyo ni tofauti halisi ya kiuchumi, na mkurugenzi wa mauzo katika mji unaodumaa anaiona kila mwezi.

Hoja yao ya pili ni kali zaidi. Tarehe 19 Septemba 1977 kampuni ya chuma ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga kiwanda chake cha Campbell, na wafanyakazi kama 5,000 wakapoteza ajira. Siku hiyo watu wa pale bado wanaiita Jumatatu Nyeusi. Mji wa Youngstown, Ohio, uliokuwa na watu 170,000 mwaka 1930 ulikuwa na 60,000 mwaka 2020. Redio ya mji haiishi kwa kampuni kubwa za kitaifa pekee. Inaishi kwa muuza magari, muuza samani, wakili wa kesi za ajali. Chrysler ilipofilisika mwaka 2009 ilikata mikataba ya wauzaji 789 kwa mkupuo, na kila muuzaji kati ya hao aliyekuwa akinunua sekunde 30 za asubuhi aliondoka na fedha zake. Isitoshe, wanaoondoka kwanza kwenye mji unaodorora ni vijana, na wanunuzi wa matangazo huwataka zaidi watu wa miaka 25 hadi 54. Anayebaki ni babu mwenye redio jikoni: msikilizaji mwaminifu kuliko wote, na asiyelipiwa na mtu.

Nakubali yote hayo. Lakini tazama hoja hizo zinavyokwepa orodha. Cheo hakikuonyesha kwamba vijana wameondoka, kwa sababu kinamhesabu babu wa miaka 80 sawasawa na kijana wa 28. Hakikuonyesha kwamba muuza magari amefunga. Hakionyeshi idadi ya leseni. Mahali ambapo kudorora ni kwa kweli, cheo hukuficha, na mahali ambapo hakupo, kama katika hesabu ya kaunti sita za Detroit, cheo huonyesha kudorora. Daktari mwenye kipimajoto cha namna hiyo angekitupa.

Tatizo ni kwamba hakitupwi, kwa sababu kinarahisisha kazi ya mtu. Wakala wa matangazo ana fedha za mteja wa kitaifa na hana muda wa kulisoma kila soko, hivyo anachora mstari: tutanunua masoko 25 ya kwanza, au 50 ya kwanza. Fikiria kituo kilichoko katika soko la nafasi ya 25. Mwaka unaofuata watu wake ni wale wale, wasikilizaji ni wale wale, kipindi cha asubuhi bado kinaongoza, lakini mji mmoja wa kusini umelipita soko lake. Sasa soko hilo ni la 26. Kampeni ya kitaifa iliyokuwa ikifika haifiki tena. Hakuna aliyekihukumu kituo, hakuna aliyesikiliza hata dakika moja ya vipindi vyake. Mstari umechorwa juu ya kichwa chake tu.

Kinachofuata ndicho kinachonikera. Fedha zikipungua, mwenye kituo hupunguza watu. Mtangazaji wa usiku huondoka, sauti iliyorekodiwa katika mji mwingine huchukua nafasi yake, chumba cha habari hubaki na mtu mmoja. Wasikilizaji wanasikia tofauti, baadhi wanaondoka. Hapo wa kwanza kusema "si tuliwaambia redio ya mji ule inakufa?" ni yule yule aliyesoma cheo. Utabiri umejitimiza wenyewe, na kilichoutimiza ni tarakimu iliyokuwa ikipima ukuaji wa watu wengine.

Haitakuwa haki kumtupia wakala lawama zote. Sheria ya mawasiliano ya 1996 iliondoa ukomo wa kitaifa wa vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki, na ikaruhusu hadi vinane katika soko kubwa. Kampuni zikanunua kwa mkopo. Cumulus, mojawapo ya kampuni hizo, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi Novemba 2017. iHeartMedia ikafuata Machi 2018 ikiwa na deni la zaidi ya dola bilioni 20. Deni hilo halikutoka Youngstown wala Buffalo. Lakini anayelipa riba hutafuta pa kukata, na soko lililoteremka ngazi mbili lina maelezo yaliyokwisha kuandikwa tayari: mji umekwisha, tufanyeje.

Na hesabu ya wakazi haiwaoni wasikilizaji walio nje ya kaunti. WJR ya Detroit, masafa 760, hurusha kwa wati 50,000, na usiku husikika majimbo kadhaa mbali. KDKA ya Pittsburgh, iliyosoma matokeo ya uchaguzi wa urais tarehe 2 Novemba 1920, ina nguvu hiyo hiyo. Leo kuna kundi jipya zaidi: mtu aliyehama Pittsburgh kufuata kazi Phoenix, ambaye kila asubuhi anafungua simu kusikiliza ubishi wa michezo wa kwao. Kwenye orodha yeye ni mkazi wa Phoenix, na anaisaidia kupanda. Mji alioutoka unashuka kwa sababu aliondoka, ingawa sikio lake alilibakiza kule kule.

Wauzaji wa matangazo katika masoko haya wanajua hayo, na wengi wameacha kutaja namba ya soko wanapokutana na mteja. Wanamwonyesha anachokiuliza: wangapi walio hai, wenye gari, wanaosikiliza saa moja asubuhi kwenye barabara inayopita mbele ya duka lake. Kwa muuza samani wa Buffalo hilo linatosha, kwa kuwa hana duka Austin. Kwa mnunuzi aliyeketi New York na mstari wake wa 50, mazungumzo hayo hayaanzi kabisa.