Kihispania tukisome kutoka kwenye Kiswahili chetu, tusipitie Kiingereza

Nianze na jioni moja pale Horombo, kambi ya Mlima Kilimanjaro iliyo mita 3,720, maana ndo jioni iliyonibadilisha mawazo kabisa. Nilikuwa namwongoza mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Hispania, supu hajaigusa, amejikunyata kwenye kona ya chumba cha chakula, nikamuuliza vipi akanijibu kwa sauti ya chini, estoy constipada. Kipindi hicho Kihispania changu chote nilikuwa nimekitoa kwenye kijitabu cha Kiingereza, kwa hiyo lile neno kichwani likapita kwanza kwenye Kiingereza, na Kiingereza kina neno linalofanana nalo kama pacha, la mtu aliyefunga choo. Nikaenda jikoni nikamwambia mpishi akate papai, achemshe maji ya kutosha, nikarudi nimeridhika kwamba mgeni nimemhudumia. Nusu saa baadaye namwona anatoa leso anapenga kamasi, macho mekundu. Alikuwa na mafua. Kwa mtu wa Hispania constipado ni mtu mwenye mafua, basi. Na kule juu mafua siyo kitu kidogo, pua ikiziba mtu halali, asipolala kesho yake anapanda akiwa hoi, na mi ndo niliyetakiwa kulijua hilo mapema.

Toka siku ile nina msimamo mmoja na sitauacha: Mswahili anayeanza Kihispania asipitie Kiingereza. Aende moja kwa moja. Najua wengi hapa Arusha na Moshi tunaambiwa Kiingereza kwanza ndo lugha zingine zifuate, na vijitabu na programu za simu karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza, ila kwa maneno ya mwanzo kabisa, yale ya watu na mahitaji ya kila siku, njaa, kiu, maumivu, choo, baridi, mama, kaka, Kiswahili kiko jirani na Kihispania kuliko watu wanavyodhani, na Kiingereza kinakuzungusha bure.

Chukua njaa. Sisi tunasema nina njaa. Mhispania anasema tengo hambre, yaani nina njaa, neno kwa neno. Tengo ni nina, tienes ni una, tiene ni ana. Sasa angalia kinachofuata: tengo sed, nina kiu. Tengo sueño, nina usingizi. Tengo prisa, nina haraka. Tengo suerte, nina bahati. Tengo treinta años, nina miaka thelathini. Ukilijua tengo moja umeshaongea nusu ya siku. Kiingereza hakina hiyo, kwenye Kiingereza mtu "ni" mwenye njaa na "ni" wa miaka thelathini, ndo maana anayepitia huko utamsikia anasema soy treinta años na mgeni anabaki anamwangalia. Sehemu tunayopishana kidogo ni baridi na joto, maana sisi baridi tunaisikia lakini wao wanayo, tengo frío, tengo calor. Hapo kariri tu, ni mawili.

Halafu maumivu, na hapa naomba mnisikilize vizuri wale tunaopanda mlima, maana hili ndo neno la kwanza la kazi yetu. Me duele la cabeza. Kijitabu changu cha Kiingereza kilitumia kurasa mbili kueleza kwa nini kichwa ndicho kinachotenda na mtu ndiye anayetendwa, kana kwamba ni kitu cha ajabu sana. Jamani, kichwa kinaniuma! Si ndo tunavyosema kila siku? Kichwa kinafanya kazi ya kuuma, mi naumwa, "ni" ipo katikati ya kitenzi, na kwao "me" imekaa mbele ya kitenzi. Me duele, kinaniuma. Te duele, kinakuuma. Le duele, kinamuuma. Na vikiwa vingi kitenzi kinabadilika kama kwetu: me duele el ojo, jicho linaniuma, me duelen los ojos, macho yananiuma. Mtoto wa darasa la tatu Rombo ataielewa hii kwa dakika moja kama mwalimu atamwelezea kwa Kiswahili. Me gusta nayo ni hivyohivyo, inanipendeza, me gusta el té.

Ila kitu kilichonifanya nikae chini kabisa ni ser na estar, vitenzi vyao viwili vya "kuwa" (es inatoka kwenye ser, está kwenye estar). Kila anayesoma Kihispania kwa Kiingereza analia na hivi vitu viwili, kwa sababu Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa kazi zote mbili. Sisi tunavyo viwili toka tunazaliwa! Juma ni mwalimu, Juma es profesor. Juma yuko nyumbani, Juma está en casa. Choo kiko wapi, ¿dónde está el baño? Ni kwa es, yuko kwa está. Na siyo hapo tu, iko zaidi. Ile -me- yetu ya hali, nimechoka, amekaa, amelewa, ameolewa, imevunjika, kwao inaenda kwa estar: estoy cansado, está sentado, está borracho, está casada, está roto. Kuna swali maarufu la wanafunzi, kwa nini maiti ni está muerto wakati kifo ni cha milele, na wanaambiwa estar ni ya vitu vya kupita tu, sasa mbona haipiti? Kwa Mswahili swali lenyewe halipo. Amekufa. Ni hali aliyoingia, kama aliyekaa, kama aliyechoka. Está muerto. Mi nilivyogundua hili nilikuwa nimelala kwenye hema kambi ya Barranco, huko huko mlimani, sikupata usingizi kwa furaha. Sisemi inakaa sawa kila mahali, mgonjwa kwa mfano sisi tunasema ni mgonjwa na wao wanasema está enfermo, ila ukitafsiri kwa anaumwa unarudi kwenye mstari.

Kwenye maneno ya watu tunapoteza kidogo na tuwe wakweli. Tío ni mjomba, na ni baba mdogo, na ni baba mkubwa pia, wote neno moja. Tía ni shangazi na mama mdogo. Kwa mtu aliyelelewa na mjomba inauma kidogo kukosa neno lake mwenyewe, ila ndo lugha yao, na vijana wa Hispania wanaitana tío na tía hata kama hawana undugu, kama sisi tunavyosema mshkaji. Hermano ni kaka, hermana ni dada, abuela ni bibi, suegra ni mama mkwe, cuñado ni shemeji wa kiume. Gente ni watu, ila kwao gente ni umoja, la gente quiere agua, watu wanataka maji, siyo quieren ya wingi, hapo Kiswahili kitakudanganya maana watu kwetu ni wengi siku zote. Na shikamoo hawana. Heshima yao ipo kwenye usted, yaani "wewe" ya heshima, kwa mtu mzima unayemkuta mara ya kwanza anza na usted na señora au señor, akikwambia tutumie tú, "wewe" ya kawaida, basi sawa. Wahispania wa Hispania wanawahi sana kwenye tú, watu wengi wa Kolombia usted wanayo mdomoni muda wote hata na ndugu zao wengine.

Tahadhari mbili ndogo. Ukimwita mwenzako kaka mbele ya familia yenye watoto usishangae watoto wakicheka, caca kwao ni kinyesi, neno la watoto wadogo. Na baba kwao ni udenda. Siyo kosa la mtu, waelezee tu kwamba kwetu ni maneno ya heshima, wanafurahi kujua. Kuna na papa, ambayo kwetu ni samaki, kwa watu wa Mexico na Peru ni kiazi, ukivuta sauti mwishoni, papá, ndo inakuwa baba. Ile alama juu ya herufi siyo urembo.

Na sauti zenyewe sasa. A e i o u zao ni a e i o u zetu, hazibadiliki. Mkazo wa neno kwa sehemu kubwa unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, agua, casa, hermano, señora, kama maji, nyumba, mwalimu. Neno likiishia na konsonanti isiyo n wala s mkazo unakaa mwisho, señor, calor, na pale unapohama kwenye kanuni hizo wanaweka alama kukuonyesha. Ñ ni ny yetu, niña soma ninya. H haitamkwi, hambre soma ambre. J yao ni ile kh ya koo wanayoisoma watu wa Pwani kwenye kheri. Wenzangu wale ambao lugha zetu za nyumbani zinachanganya r na l hapa tukaze, pelo ni nywele, pero ni lakini, na perro yenye r ya kutetemesha ni mbwa. Mi nilikaa wiki nzima napanda na kushuka nikitamka hayo matatu peke yangu.

Kuna kitu kingine kinanigusa sana. Wareno walikaa Pwani yetu karibu miaka 200, toka Vasco da Gama alipofika 1498 mpaka Fort Jesus ilipotoka mikononi mwao 1698, wakatuachia meza, bendera, padri, mvinyo, na Kireno ni ndugu wa damu wa Kihispania, kwa hiyo mesa, bandera, padre na vino unavijua kabla hujafungua daftari. Upande mwingine Waarabu waliingia Hispania 711 na utawala wao wa mwisho uliishia Granada 1492, wakaacha kule azúcar na azafrán, na huku kwetu Kiarabu hichohicho kikaacha sukari na zafarani. Hata neno hata! Hasta yao na hata yetu zote zimetoka kwenye hatta ya Kiarabu, na zinafanya kazi ileile, hasta los niños lo saben, hata watoto wanalijua. Neno moja limetoka sehemu moja likaenda Granada na likaja Lamu, halafu mtu ananiambia Kihispania siyo lugha yetu sisi ni mpaka tupite London kwanza.

Kinachoniuma zaidi ni wapagazi, sisi tunaitana wagumu. Kijana anapanda na mzigo wa kilo 20 begani, analala kwenye hema moja na wenzake, ana akili kali, anataka kuwa muongozaji, na kila akiuliza anaambiwa nenda kajue Kiingereza kwanza. Mwingine shule aliishia darasa la saba. Kiingereza kimeshamkataa mara moja darasani na sasa tunakiweka tena mlangoni kama askari wa geti. Sikatai Kiingereza kina faida, mi mwenyewe kinanilisha, lakini kisiwe tiketi ya lugha nyingine zote. Wenye uwezo wa kuandika, walimu wa lugha, waongozaji mliobobea, tuandike kijitabu cha Kihispania kwa Kiswahili kitupu, hata kurasa ishirini, kianze na tengo na me duele na ¿dónde está?, rangi na majina ya wanyama yaje baadaye, mgeni anayetapika usiku hakuombi jina la twiga.

Safari iliyopita nilimwandikia kijana mmoja kwenye kipande cha boksi la maji, kwa kalamu ya wino, maneno kama kumi na tano tu, upande wa kushoto Kiswahili upande wa kulia Kihispania. Alikiweka mfuko wa ndani wa jaketi. Siku ya kushuka tulikuwa tumeachana, mi niko mbele, yeye nyuma na bwana mmoja wa Mexico aliyekuwa anabaki baki. Nikasikia viatu vinakimbia nyuma yangu, kijana huyo anahema, jasho linamtoka, ameshika kile kipande cha boksi. Kaka, nimemuuliza ¿le duele algo?, kuna kinachokuuma?, kaniambia las rodillas, magoti yanamuuma yule mzee, yote mawili, tumpe fimbo na tupunguze mwendo.