Habasoda na kemo: daktari anayekataza ana hoja

Kijana mwenye saratani akitumia habasoda (mbegu nyeusi) ili kemo, yaani dawa za kuua saratani, isimharibie uzazi, na daktari akamwambia aiweke kando mpaka amalize tiba, huku Eastleigh, Nairobi, daktari ataambiwa huyo amekariri vitabu vya Wazungu tu. Si haki.

Wanaotetea mitishamba nao hawasemi ovyo. Dawa za kemo kama sisplatini na siklofosfamidi huzalisha redikali huru, yaani molekuli zisizotulia zinazochoma chembe za korodani, na panya waliopewa sisplatini pamoja na antioksidanti (vitu vinavyozima redikali hizo) kama habasoda, manjano au vitamini E wamebaki na mbegu za kiume nyingi kuliko wenzao waliopewa sisplatini peke yake. Majaribio hayo yamerudiwa sana. Sina ugomvi nayo.

Ila wengi wa panya hao hawakuwa na saratani! Kilichopimwa ni korodani. Uvimbe wa kulindwa au kuuawa haukuwepo. Kidonge cha antioksidanti kikishayeyuka kwenye damu hakichagui chembe ya kuilinda. Marekani, wanawake wa saratani ya matiti waliotumia virutubisho hivyo kabla na wakati wa kemo walionekana kurudiwa na ugonjwa kwa asilimia 41 zaidi. Takwimu hiyo, ya mwishoni mwa 2019, iko ukingoni: hesabu haikutosha kuitwa uthibitisho, na waliochunguzwa si wanaume. Hata hivyo nashindwa kuipuuza. Saratani ya korodani hupona kwa wengi hata ikiwa imeshasambaa, na inayoiponya hasa ni hiyo sisplatini. Nani atacheza kamari na dawa ya namna hiyo? Tena jaribio jingine la Marekani, la 2020, liliwapa antioksidanti wanaume wenye matatizo ya uzazi, na mbegu zao hazikuboreka.

(Tangawizi ya kwenye chai si kesi. Nazungumzia vidonge na mafuta yaliyokolezwa.)

Ninapowalaumu madaktari ni pale wanapokataza kisha wakanyamaza. Mwongozo wa wataalamu wa saratani wa Marekani umesema tangu 2006 kwamba mgonjwa aelezwe habari za kugandisha mbegu kabla ya tiba. Nairobi kliniki za uzazi zipo. Mgonjwa hutoa manii kwenye kikopo, yakahifadhiwa katika naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Gharama inauma, kweli, na ada ya kuhifadhi haiishi. Lakini rufaa ya kumpeleka mgonjwa kliniki hizo iandikwe siku ileile habasoda inapokatazwa, maana baada ya dozi ya kwanza mbegu zinazoiva zinaweza kubeba DNA iliyoharibika.